Joseph Bramah, Fundi Aliyeyafunga Maji

Katika kurasa hizi tumekwisha kusoma habari za wafalme, za wasafiri na za mashujaa wa vita. Safari hii naomba nafasi kidogo niwasimulie habari za fundi. Mtu huyu hakuwa na jeshi, wala hakupata kusoma katika chuo kikuu. Alikuwa mtoto wa mkulima, naye alianza ufundi kwa sababu mguu wake uliumia. Hata hivyo, kila mashine inayochimba mtaro hapa Bujumbura na kila jeki kubwa inayoinua lori hufanya kazi kwa njia ambayo yeye aliifungua. Jina lake ni Joseph Bramah.

Nimemchagua yeye kwa sababu moja. Watu wengi wanajua kwamba maji yaliyofungiwa mahali, yakisukumwa, huleta nguvu kubwa. Lakini ni wachache wanaofikiri juu ya kazi ya kuyazuia maji hayo yasivuje. Bramah aliona kwamba nguvu isiyo na kizuizi hupotea bure, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia katika kuziba, kufunga na kuzuia.

Bramah alizaliwa mwaka wa 1748 katika shamba moja huko Stainborough, karibu na mji wa Barnsley, katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza. Siku zile desturi ilikuwa mtoto aufuate mkono wa baba yake, naye Joseph angelima maisha yake yote. Lakini alipokuwa kijana wa miaka 16 hivi aliumia kifundo cha mguu, akawa hawezi tena kutembea nyuma ya plau tangu asubuhi hata jioni. Basi wazee wake wakampeleka kwa seremala wa karibu ajifunze kazi. Kijana huyo alikuwa na mikono myepesi, akajifunza upesi. Alipokwisha kuhitimu alikwenda London, akapata kazi ya kutengeneza makabati na vyombo vingine vya mbao.

Huko London alipewa kazi ambayo wengine wangeiona ya aibu. Alitumwa kuweka vyoo vya maji katika nyumba za matajiri. Vyoo hivyo vilikuwa kitu kipya, na mwaka wa 1775 mtu aitwaye Alexander Cumming alikuwa amekwisha kupata hati ya serikali ya kulinda namna yake ya kuvitengeneza. Bramah alipokuwa akiviweka aliona kasoro. Kizibo cha chini kilikuwa kibao cha kusukuma na kuvuta, nacho hakikuziba vizuri. Tena wakati wa baridi kali maji yaliganda, na choo kikawa hakifai. Hakuridhika kuviweka tu na kuchukua mshahara wake. Alikaa akafikiri, akaondoa kile kibao, akaweka mahali pake kifuniko chenye bawaba kilichoziba sawasawa. Mwaka wa 1778 alipewa hati yake mwenyewe, akafungua karakana, na vyoo vyake vikanunuliwa kwa wingi. Angalieni basi, uvumbuzi wake wa kwanza ulikuwa kizibo cha maji.

Uvumbuzi wake wa pili ulimpa sifa kubwa zaidi, nao ulikuwa kufuli. London ilikuwa na wezi wengi, na kufuli za wakati ule zilifunguka kwa urahisi. Mwaka wa 1784 Bramah alipata hati ya kufuli mpya. Ndani yake mlikuwa na vipande vyembamba vya chuma, na kila kimoja kilitakiwa kisukumwe na ufunguo kwa kiasi chake hasa. Kimoja kikizidi au kikipungua kidogo, kufuli haikubali. Tangu mwaka wa 1790 kufuli moja ya namna hii iliwekwa katika dirisha la duka lake, barabara ya Piccadilly, pamoja na tangazo kwamba mtu atakayeweza kuifungua bila ufunguo wake atapewa zawadi ya gini 200. Watu walikuja, wakajaribu, wakashindwa. Kufuli hiyo ilikaa zaidi ya miaka 60 bila kushindwa. Mwaka wa 1851 ndipo fundi mmoja wa Marekani, Alfred Charles Hobbs, alipoifungua, nayo ilimchukua saa 51 za kazi katika muda wa siku 16. Wakati huo Bramah alikuwa amekwisha kufa zamani.

Kufuli hiyo ilimletea Bramah shida ambayo kila fundi anaijua. Yeye aliweza kuibuni, na aliweza kutengeneza moja kwa mkono wake, lakini wateja walitaka nyingi, zote sawasawa, kwa bei nafuu. Ilimpasa apate mtu wa kumsaidia. Akaambiwa habari za kijana mmoja wa Woolwich, Henry Maudslay, aliyekuwa mhunzi katika karakana ya silaha za serikali. Maudslay alizaliwa mwaka wa 1771, na alianza kazi akiwa na miaka 12, akijaza baruti katika risasi. Alipofika mbele ya Bramah mwaka wa 1789 alikuwa na miaka 18 tu. Husimuliwa kwamba wafanyakazi wakubwa walimwona mtoto, hata akapewa jiliwa kuukuu lililochakaa ili alitengeneze kabla ya jioni, kuwa ndio mtihani wake. Akalitengeneza, akalisafisha, akalileta mapema. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena umri wake. Muda si muda akawa msimamizi wa karakana nzima, akaunda mashine za kutengenezea vipande vya kufuli, hata vikatoka vyote kwa kipimo kimoja. Sisi tulio na umri kama huo na bado tumekaa darasani, yafaa tumfikirie kijana huyu.

Sasa nimefika kwenye jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya Bramah. Ili tulielewe, imetupasa kwanza turudi nyuma kidogo mpaka Ufaransa, kwa mtu ambaye jina lake tunalitaja katika masomo ya fizikia.

Blaise Pascal alizaliwa mwaka wa 1623 na akafa mwaka wa 1662, akiwa na miaka 39 tu. Katika kitabu chake juu ya uzani wa maji, kilichotolewa mwaka wa 1663 baada ya kufa kwake, alieleza kwamba maji yaliyofungiwa katika chombo, yakisukumwa mahali pamoja, hupeleka presha ile ile kila upande. Kwa heshima yake, mwaka wa 1971 kipimo cha presha kilipewa jina la paskali. Maana ya maneno yake ni hii. Tuseme tuna silinda mbili zilizounganishwa kwa bomba na kujazwa maji. Pistoni ya silinda ndogo ina sentimeta mraba 1, na pistoni ya silinda kubwa ina sentimeta mraba 100. Nikiibonyeza ile ndogo kwa uzito wa kilo 20, kila sentimeta mraba ya ile kubwa husukumwa kwa kilo 20, nayo huinua kilo 2,000. Lakini faida hii haiji bure. Ili ile kubwa ipande sentimeta 1, ile ndogo lazima ishuke sentimeta 100. Ulichopata katika nguvu umekitoa katika mwendo.

Pascal alijua yote hayo, akaeleza hata namna ya mashine itakayofanya hivyo. Na bado zaidi ya miaka 130 ilipita mashine hiyo isionekane katika karakana yo yote ikifanya kazi ya haja. Kwa nini? Kwa sababu ya kuvuja.

Fikirini. Pistoni kubwa lazima iteleze, ipande na kushuka. Kwa hiyo lazima pawe na nafasi, ijapokuwa ndogo kama unywele, kati yake na ukuta wa silinda. Maji yenye presha kubwa hayahitaji njia kubwa kuliko hiyo. Yakitoka, presha hushuka, na mzigo haupandi. Bramah alijaribu kuizunguka pistoni kwa ngozi na kuikaza kwa nguvu. Alipoikaza kidogo, maji yalitoka. Alipoikaza sana, maji yalizuiwa, lakini pistoni nayo ikakamatwa. Na presha ilipoondolewa haikuweza kurudi chini. Hapo palikuwa na mambo mawili yanayogombana. Kizibo kilitakiwa kubana wakati wa kazi, na kilitakiwa kulegea kazi ikiisha. Mkono wa fundi hauwezi kukikaza na kukilegeza kila mara.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ngozi iliyokunjwa. Ukosi wa ngozi ulikunjwa kama mfereji, wenye midomo miwili, ukawekwa katika shingo ya silinda, na uwazi wake ukaelekezwa upande unakotoka maji. Maji yalipokuja kwa nguvu yaliingia ndani ya kunjo, yakaitanua midomo: mmoja ukabanwa kwenye pistoni, na wa pili kwenye ukuta wa silinda. Kadiri presha ilivyozidi, ndivyo ngozi ilivyobana zaidi. Presha ilipoondolewa, midomo ikalegea yenyewe, na pistoni ikashuka bila taabu. Ile nguvu iliyokuwa ikiyatoa maji nje sasa ikawa ndiyo inayoziba njia. Mimi niliposoma habari hii mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatulia, maana sikuwa nimefikiri kwamba adui anaweza kupewa kazi ya ulinzi wa mlango.

Ni nani aliyeupata ukosi huo? Hati ya mashine ya kushindilia kwa nguvu ya maji, iliyotolewa mwaka wa 1795, ina jina la Bramah peke yake. Lakini James Nasmyth, mhandisi aliyefanya kazi kwa Maudslay miaka mingi baadaye, alieleza kwamba ukosi ulitoka katika akili ya Maudslay. Mimi siwezi kuwa hakimu wa jambo hilo. Ninaloweza kusema ni kwamba Bramah alikuwa na picha ya mashine nzima, na Maudslay alikuwa na mkono uliojua chuma na ngozi. Mmoja bila mwenziwe pengine asingefika.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hawakukaa pamoja muda mrefu. Maudslay alioa mwaka wa 1791, na jamaa yake ikaongezeka. Mshahara wake ulikuwa shilingi 30 kwa juma, ingawa ndiye aliyeongoza karakana. Akaomba nyongeza, Bramah akakataa. Basi mwaka wa 1797 Maudslay aliaga, akafungua karakana yake mwenyewe. Huko akatengeneza kerezo la kukatia nyuzi za skrubu kwa kipimo cha hakika, akawa mmoja wa mafundi wakubwa wa dunia, na vijana wengi wakaja kujifunza kwake. Bramah, aliyejua kuzuia maji katika silinda, hakujua kumzuia mtu hodari asitoke mlangoni kwake. Nalieleza hili kwa sababu maisha ya mtu mkubwa yakisimuliwa bila kasoro zake huwa kama sanamu, na sanamu haitufundishi kitu.

Hata hivyo Bramah hakulala. Mwaka huo huo wa 1797 alipata hati ya pampu ya kuvuta bia kutoka katika mapipa ya ghala la chini mpaka mezani kwa mwuzaji. Mwaka wa 1802 alitoa mashine ya kupiga randa mbao. Mwaka wa 1806 alitengeneza mashine ya kupiga namba katika noti za Benki ya Uingereza, kazi iliyokuwa ikifanywa na makarani wengi kwa kalamu. Mwaka wa 1809 alipata hata hati ya kalamu iliyobeba wino wake ndani.

Kifo chake kilikuja kwa njia ya mashine yake aliyoipenda. Mwaka wa 1814, akiwa na miaka 66, alikwenda katika msitu wa Holt, katika jimbo la Hampshire, kusimamia kazi ya kung'oa miti kwa nguvu ya maji. Zaidi ya miti 300 iling'olewa na mizizi yake. Siku zilikuwa za baridi, naye alikuwa mzee, lakini hakutaka kuiacha kazi mikononi mwa wengine. Akapata baridi, homa ikamshika kifuani, akafa tarehe 9 Desemba mwaka huo.

Baada yake kazi iliendelea. Mwaka wa 1849, huko Wales, mhandisi Robert Stephenson alitumia mashine za namna ya Bramah kuinua sehemu za daraja la Britannia, ambazo ni mabomba makubwa ya chuma ya kupitishia garimoshi, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya tani 1,500. Stephenson alitoa amri kwamba kila bomba linapopanda kidogo, chini yake pajengwe mara moja. Siku moja silinda ya mashine ikapasuka. Bomba likaanguka, lakini likaanguka kidogo tu, kwa sababu lilikuta kitu chini yake. Mtu asiyetumainia kizibo peke yake ndiye aliyeliokoa daraja. Baadaye, katika karne ya 20, mafuta yakachukua mahali pa maji, kwa kuwa mafuta hayaleti kutu, hulainisha vyuma, wala hayagandi upesi. Mpira na vitu vingine vikachukua mahali pa ngozi. Mwaka wa 1953, Joseph Cyril Bamford wa Staffordshire, Uingereza, akaanza kutengeneza trekta zenye sepetu mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Ni mashine za jamii hiyo tunazoziona leo katika mitaa yetu.

Hapa naomba niwaeleze niliyoyaona mwenyewe, maana ndiyo yaliyonifanya nimtafute Bramah katika vitabu. Mimi nakaa Nyakabiga. Karibu na mtaa wetu unapita mto Ntahangwa, ambao mvua zikianza hula kingo zake na kutishia nyumba za watu. Kwa hiyo mtaro wa kupitisha maji ya mvua kwetu si pambo. Ni ukuta wa nyumba. Mwaka jana, mvua zilipokuwa karibu, ilikuja trekta ndogo yenye kijiko cha kuchimbia kilichofungwa nyuma. Ilichimba siku mbili, ya tatu mkono wake ukalegea. Dereva akiuinua na kuuacha, ulishuka wenyewe polepole mpaka chini, kama mtu anayesinzia. Wazee wakaanza kutazama mawingu.

Akaitwa fundi mmoja mzee kutoka Buyenzi, mtaa unaojulikana kwa mafundi wake wa magari. Sisi vijana tulimwita Mzee, naye alituita wanangu, akituruhusu kusimama mbali kidogo na kutazama. Jambo la kwanza alilolifanya ni kupima mafuta katika tangi na kutazama rangi yake. Alitueleza kwamba mafuta yakiwa machache pampu huvuta hewa, na yakiwa na povu au meupe kama maziwa, basi hewa au maji yameingia. Mafuta yalikuwa mazuri. Kisha akamwambia dereva ajaribu kila mwendo: kugeuza kushoto na kulia, kukunja kijiko, kuinua mkono. Yote yalikuwa na nguvu isipokuwa kuinua mkono. Akasema kwamba kama yote yangekuwa dhaifu angetafuta katika sehemu zinazotumiwa na wote, yaani chujio, pampu na vali ya usalama. Lakini akiwa mgonjwa ni mmoja, dawa itafutwe nyumbani kwake. Akafunga geji ya presha, nayo ikaonyesha kwamba pampu haina neno.

Kijana aliyemsaidia akataka kulipapasa bomba la mpira kwa vidole atafute pa kuvuja. Yule mzee akamshika mkono kwa nguvu, akamwondoa. Akatueleza sababu, nami nataka kila msomaji aikumbuke. Gurudumu la gari dogo lina presha ya bari 2 hivi. Mashine ndogo kama ile hufika bari 150 au zaidi, maana yake uzito wa kilo 150 hivi juu ya mahali padogo kama ukucha wa kidole, sawa na mifuko mitatu ya saruji. Mafuta yakitoka kwa presha hiyo katika tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi ya mtu. Jeraha huonekana dogo kama la mwiba, lakini ndani mafuta yanaharibu nyama, na mtu asipofikishwa kwa daktari wa upasuaji mara moja anaweza kupoteza mkono. Kuvuja hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa mkono. Tena kabla ya kufungua bomba lo lote, kijiko kishushwe mpaka ardhini, injini izimwe, na vishikizo visogezwe huku na huku ili presha iliyobaki itoke.

Nje hapakuwa na kuvuja hata tone. Basi akajua kwamba kama mafuta yanatoroka, yanatorokea ndani. Akaisukuma pistoni mpaka mwisho wa silinda, akaondoa presha, akafungua bomba la upande wa pili, akalielekeza katika ndoo. Kisha akamwambia dereva apeleke mafuta polepole upande ule ule wa kwanza. Pistoni ilikuwa imekwisha kufika mwisho, kwa hiyo hapakutakiwa kutoka kitu. Mafuta yakatoka mfululizo. Yalikuwa yakipita kando ya pistoni.

Silinda ikafunguliwa. Fimbo ya pistoni ilikuwa laini, bila mikwaruzo, naye aliipitisha katika kitambaa safi ili awe na hakika, maana fimbo yenye mikwaruzo hukata sili mpya siku hiyo hiyo. Juu ya pistoni zilikuwako sili mbili za mpira, zenye midomo, nazo zilikuwa mpya kabisa. Mtu fulani alikuwa amezibadilisha muda mfupi nyuma. Kila moja ilitakiwa kuuelekeza mdomo wake upande wa mafuta yake. Moja ilikuwa imewekwa kinyume. Mafuta yalipokuja kuinua mkono yalikuta mgongo wa sili, yakaukunja, yakapita. Mzee akaitoa, akaitazama kama haikukatika, akaweka mpya, mdomo ukielekea presha. Alasiri ile mkono ulipanda ukakaa. Mtaro ukaisha kabla ya mvua kubwa ya kwanza.

Dereva alikuwa ametaka kukaza vali ya usalama ili presha iongezwe, yule mzee akamkatalia. Sasa naona alikuwa akisema jambo lile lile alilolijua Bramah. Nguvu ya kutosha ilikuwako tangu mwanzo. Iliyokosekana ni ngozi moja iliyogeuzwa sawasawa. Kuongeza presha mahali panapovuja ni kuongeza kuvuja, na kuhatarisha mabomba na watu.

Ndugu zangu, wahenga walituachia neno kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara nyingi neno hilo husemwa juu ya tabia njema, lakini Bramah alilifanya kuwa kazi ya mikono. Hakuanza na jambo kubwa. Alianza na kizibo cha choo, akaendelea na kufuli, mpaka alipofika kwenye ukosi wa ngozi uliowezesha mtu mmoja kung'oa mti. Wako wengi kati yetu watakaomaliza shule wakitamani kazi za mezani tu, na kumwona mtu mwenye mikono ya mafuta kuwa hakusoma. Mimi nimekwisha kuchagua. Nikijaliwa kufaulu mtihani, nataka nijifunze uhandisi wa mashine. Na kabla ya hapo, siku za likizo, nimeomba ruhusa ya yule mzee wa Buyenzi nikamshikie spana. Amekubali, kwa sharti kwamba nije na kipande changu mwenyewe cha boksi.